Kilemba cha Mlezi Asiyetaka Kulipwa

Dunia hii haina tena cha kunishangaza. Sisemi kwa kujisifu, ingawa hata nikijisifu nina haki yangu. Nilianza kubeba matenga pale soko la samaki Bagamoyo nikiwa na darasa la nne ambalo sikulimaliza, na leo nina vyumba vitatu vya barafu, magari mawili yenye friza, nyumba ya ghorofa, na shamba la mananasi Vigwaza ambalo naenda kulitazama tu ili moyo ufurahi. Nimeona papa akipasuliwa tumbo ikatoka kandambili ya mguu wa kushoto, nzima, na mvuvi akaivaa. Nimeona msomi aliyefika mpaka Ulaya akinunua samaki aliyeshalala siku tatu, anamnusa mwenyewe kwa pua yake, na anasema safi. Nauza kamba kwenye hoteli ambazo zamani mlinzi alikuwa akinifukuza mimi na ndoo yangu, na siku hizi mlinzi huyohuyo ananifungulia geti na kuniamkia. Mtu kama huyo utamshangaza kwa lipi?

Basi akanishangaza binti yangu.

Huyu ni mtoto wangu wa tatu, na ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuingia chuo kikuu. Anasoma biashara huko Dar. Watu wakiniuliza kwa nini mtoto wa mfanyabiashara asomeshwe biashara chuoni, huwa nawajibu kwamba mimi niliijua kwa mgongo, yeye nataka aijue kwa kichwa, mgongo wake upumzike. Nilikuwa nimeshalizoea jibu hilo, na watu walikuwa wakilipenda.

Jumamosi moja alikuja nyumbani, akamkuta mama yake anachambua mchele barazani na mimi nakunywa kahawa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na njaa au na habari?"

"Na vyote viwili. Nimechaguliwa, baba. Kuna mpango pale chuoni wa wanafunzi wa biashara. Waliomba wengi, tumechukuliwa wachache."

"Alhamdulillahi. Wanakupa shilingi ngapi?"

"Wanatupa mtaji kidogo wa kujifunzia. Lakini kikubwa wanatupa watu."

"Watu wa kufanya nini?"

"Wa kuwa nao."

Nikamtazama. "Wewe huna watu? Nyumba hii imejaa watu mpaka mimi mwenye nyumba nakosa kiti."

Mama yake akacheka, lakini binti hakucheka. Akaeleza kwamba wale waliochaguliwa ni kama familia, wanakutana kila mwezi, wanasaidiana, mmoja akianza kuuza mafuta ya nywele wote wanamtafutia wateja. Halafu kila mmoja anapewa mlezi wake.

"Anayepewa mlezi ni yatima," nikasema. "Mimi nimekufa lini?"

"Baba, ni mtu wa kukuonyesha njia ya biashara. Wangu ni mwanamke, ana karakana ya maboksi ya karatasi. Haya wanayotilia keki, viatu, vitumbua vya ofisini. Nakwenda kwake kila wiki. Nakaa naye, namwona anavyopiga hesabu, anavyobishana na wanaomletea karatasi. Amenionyesha hata anakonunua."

Hapo niliweka kikombe chini.

Wewe msomaji kama hujawahi kufanya biashara hutajua kwa nini niliweka kikombe chini. Pale sokoni kwetu mtu atakupa maji, atakupa chumvi, atakuja kwenye msiba wako na kulala matangani mpaka yaondolewe, lakini hatakwambia anakonunua. Mimi kamba wangu wazuri wana mahali wanakotoka, kule juu kuelekea Saadani, na hata dereva wangu hapajui vizuri, kwa sababu tunapandia njia moja na kurudia nyingine.

"Amekuonyesha anakonunua?"

"Ndiyo."

"Na bei akakutajia?"

"Akanitajia."

"Ana akili timamu huyo mama?"

"Baba."

"Nauliza tu. Na anachukua nini kwako?"

"Hachukui kitu. Wanajitolea."

Hapo sasa mama yake naye aliacha mchele.

Kwetu mtoto hakabidhiwi mwalimu mikono mitupu. Ukimpeleka chuoni akasome Kurani unatoa ada ya kumtia, na akihitimu unamvisha mwalimu kilemba. Ukimpeleka kwa fundi seremala, kwa fundi cherehani, kwa mshonaji wa nyavu, ni vilevile. Si mshahara. Mwalimu akipokea ndipo anamtolea mwanafunzi radhi, na mkono wa mwanafunzi unakuwa mwepesi. Asipopokea, elimu unaondoka nayo kweli, lakini ni kama umeichukua uani bila mwenyewe kujua, na siku yoyote itakugeuka. Mzee aliyenifundisha mimi kamba alinikalisha miaka naosha matenga kabla hajanishikisha kamba mmoja nimwangalie macho. Siku aliyoniachia, mama yangu alikwenda kwake na sinia la pilau na kanzu iliyokunjwa juu yake. Yule mzee akapokea, akaniombea dua, akasema nenda. Na mimi nikaenda kweli, mnaona nilikofika.

Sasa binti yangu anachukua elimu ya watu wiki hadi wiki, mwenye elimu hapokei kitu, na mtoto anaona sawa tu.

"Huyo mama hajui desturi," nikasema.

"Au anajua," mke wangu akasema polepole. "Ndiyo maana hapokei."

Maneno hayo yalinikaa vibaya. Mtu asiyepokea, ama hana haja na wewe, ama anangoja kukuomba kikubwa zaidi. Sikujua huyu ni yupi kati ya hao.

Nikaanza kazi ya kumlipa, nikidhani ni kazi ya siku moja. Binti aliporudi Dar nilimpakilia boksi la kamba wakubwa, wale wa hoteli, nikamwambia hii ni ada ya mlezi wako, mpe mkononi, mwambie baba amesema pokea. Jioni yake ikaingia picha kwenye simu. Sufuria kubwa, vijana wamelizunguka na sahani, na mama mmoja wa makamo amesimama nyuma yao na mwiko, anacheka. Chini binti ameandika: Mlezi anakushukuru sana baba, amewapikia wote, wamekula mpaka wakalala.

Nikamwonyesha mke wangu.

"Amepokea," nikasema.

"Amegawa," akasema. "Hiyo ni sadaka, baba watoto. Siyo ada."

Na ni kweli. Kitu cha ada hakigawiwi barabarani.

Nikaona kamba ni kitu cha kuliwa, nitume pesa. Namba yake nikapewa na binti kwa shida, nikatuma kwa simu kiasi cha heshima, na ujumbe juu: ADA YA MTOTO. Hata chai haijapoa, pesa zikarudi. Zote. Tena ameongeza na makato niliyokatwa wakati wa kutuma, nisipate hasara. Mimi nimefanya biashara na Wahindi, Waarabu, Wapemba na watu wa bara, na sijapata kuona mtu anayerudisha pesa na kuongeza juu. Nilikaa na ile simu mkononi kama mtu aliyepigwa kofi na mkono wenye hina.

Nikampigia.

"Shikamoo mzee," akaniwahi.

"Marahaba, bibie. Mimi ni baba wa yule binti. Nimetuma kitu kidogo, naona kimepotea njia, kimerudi."

"Hakikupotea, mzee wangu. Nimekirudisha mwenyewe. Sisi hatuchukui pesa kwa wanafunzi wala kwa wazazi wao. Ndio utaratibu."

"Utaratibu wa nani?"

"Wa mpango."

"Na huo mpango una baba na mama?"

Akacheka, kicheko cha heshima lakini kirefu. "Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi utuone. Wazazi wanakaribishwa. Tuna kikao."

Nikasema inshallah. Nikamwambia mke wangu aninyooshee kanzu na koti, nikatia pesa kwenye bahasha mpya, nikaenda. Ana kwa ana hakuna aliyewahi kunishinda.

Nilitegemea ukumbi wenye jukwaa, meza ya mgeni rasmi, maua ya plastiki na mtu wa kusoma risala. Nimewahi kualikwa kwenye shughuli nyingi kama mfadhili, najua zinavyokaa. Nikakuta chumba cha kawaida na viti vimepangwa duara. Nilisimama mlangoni nikitafuta mbele ni wapi nikae. Duara halina mbele. Vijana wakaniamkia mmoja baada ya mwingine, shikamoo, shikamoo, na kijana mmoja mrefu kama mlingoti akanivutia kiti, akaniweka kati ya mwanafunzi na mtu aliyevaa fulana, ambaye baadaye nikasikia ana maghala mawili ya nafaka. Binti yangu alikuwa upande wa pili, karibu na mlezi wake. Alinipungia mkono, halafu akainamisha macho. Sikuelewa kwa nini ameyainamisha.

Yule mama wa maboksi akasalimia, akasema, "Tuanze kama kawaida. Hasara kwanza."

Nikadhani nimesikia vibaya. Hapana. Kila mwezi, kabla ya lolote, mmoja baada ya mwingine wanasema wamepoteza nini. Mwenye mafuta ya nywele akasema amekopesha wanafunzi wenzake na hawalipi. Kijana mrefu akasema alinunua soksi jozi nyingi, kumbe zote ni za miguu ya watoto. Watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Hata yule wa maghala, mtu mzima mwenye mvi, akasema mwezi huu ameuza mahindi mapema kwa uoga na bei ikapanda nyuma yake. Alisema hivi hivi, kama mtu anayekwambia jana ilinyesha.

Mimi nilikuwa natoka jasho ndani ya koti. Hasara ni kama jipu la sehemu ya siri. Unalo, lakini huliweki mezani. Mtu akijua umepata hasara, wenye bidhaa wanakunyima mkopo na wenye deni wanakujia mbio. Hivi ndivyo tulivyolelewa sokoni. Hawa wanajivua nguo mchana kweupe na wanapigiana makofi.

Zamu ikamfikia binti yangu. Akasimama.

"Mimi nimepoteza mtaji wote," akasema.

Nikamtazama mlezi wake, yeye akamtazama binti.

"Nilikwenda Saadani kwenye likizo fupi, nikanunua uduvi. Ulikuwa mzuri, mkavu, bei nzuri. Nikafunga kwenye mifuko ya nailoni, nikaja nao. Baada ya wiki nikafungua. Wote umeota ukungu. Nimeutupa."

Kwa wasiojua, uduvi ni vile vikamba vidogo mfano wa kucha ya mtoto, tunavyovianika juani. Na mimi nilikuwa nakaa pale na vyumba vitatu vya barafu, baba yake, mtu anayejua uduvi tangu hajaota ndevu, nasikia habari hii pamoja na muuza soksi.

Wazo lililonijia kwanza halikuwa la ukungu. Nilisema moyoni, ndiyo hiyo. Elimu isiyo na radhi imeanza kumgeuka. Wazo la pili likasema, aliufunga mchana, bado una joto. Naapa mawazo yote mawili niliyaamini kwa pamoja, na mpaka leo bado nayaamini, na siwezi kuyatenganisha.

Yule mama akamuuliza, taratibu tu, "Kuna mtu ungeweza kumuuliza kabla ya kufunga?"

"Yupo. Baba yangu."

"Mbona hukumuuliza?"

Binti akasema, bila kunitazama, "Baba hajawahi kupata hasara. Ningeanzaje kumwambia naogopa kupata?"

Chumba kizima hakikunigeukia. Ndilo lililonitia uchungu zaidi, kwamba walijitahidi wasinigeukie. Kijana mrefu alikodolea macho viatu vyake.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nilizoea nikisimama mahali watu wananyamaza, na hawa walikuwa wameshanyamaza.

"Uduvi haufungwi na joto lake," nikasema. "Ukitoka juani unauacha kivulini mpaka jioni upoe kabisa. Unatia mkono katikati ya lundo, siyo juu. Kukiwa na vuguvugu kama la kitanda alichotoka mtu, ngoja. Na usitie kwenye nailoni. Tia kwenye kiroba kinachopumua. Ukifunga na joto, unatoa jasho ndani. Ukungu unatoka humo."

Wakaandika. Wote, pamoja na yule wa maghala. Nikajisikia vizuri, nikataka kukaa.

"Mzee, samahani," kijana mrefu akasema. "Wewe ulijuaje?"

"Nilijua tu."

"Mtu hajui tu, mzee," mama wa maboksi akasema. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu anayekusaidia kushusha mzigo begani.

Nikatazama mlango. Nikamtazama binti yangu, ambaye sasa alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayemwona baba yake akivuka barabara kubwa.

"Gari zima," nikasema. "Nilifunga gari zima la uduvi mchana, nikalipeleka bara. Nilikuwa nimekopa. Njiani linanuka mpaka askari wa vizuizini wananipungia nipite haraka. Nilirudi na nauli ya kuazima."

"Lini?" binti akauliza.

"Ulikuwa mdogo. Kile kidogo kilichobaki kikavu tulikula nyumbani, mwezi mzima."

"Uduvi ule," akasema, na sauti yake ikapanda, "ule uliotuambia unatia nguvu meno?"

"Haukutia?"

Kicheko kilichopigwa pale sijapata kusikia tangu harusi ya mdogo wangu. Na binti yangu alicheka mpaka akakaa chini, huku anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi sikujua nicheke au nikasirike. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeificha ile safari hata kwa ndugu zangu, nikidhani siku itakapojulikana nitapungua. Nikajipapasa moyoni, nikajiona niko vilevile. Nikapata wasiwasi zaidi.

Kikao kikaisha, chai ikaletwa na mihogo ya kukaanga. Nikamfuata yule mama pembeni na bahasha yangu. Kwa lile la uduvi nilizidi kuona haraka. Binti alikuwa anapewa mtaji mwingine, anakwenda Saadani tena mwezi ujao, na nilishaapa hatakwenda bila radhi.

"Bibie," nikasema, "hapa hakuna simu ya kurudishia. Pokea."

Akaitazama bahasha ilivyonenepa. "Mzee wangu, nilikwambia. Hatupokei."

"Mama yako ni mtu wa wapi?"

"Wa Pangani."

"Basi unajua ninachokuomba. Usinizungushe."

Uso wake ukabadilika. "Najua," akasema. "Bibi yangu alikuwa anafundisha watoto Kurani. Lakini kilemba hutolewa mtoto akihitimu. Wako hajahitimu."

"Hii ni ada ya kumtia."

"Ada ya kumtia haiwi bahasha nene hivyo. Kuna nini humo?"

"Milioni moja."

"Subhanallah. Unanunua mtoto au unamtia chuoni?" Akafikiri. "Nipe elfu moja."

"Elfu moja napewa chenji na bajaji, bibie. Unataka watu waseme mwanangu alitiwa chuoni kwa chenji? Laki tano."

"Elfu moja na mia tano."

Hapo niligundua kwamba tuko mnadani. Mimi nimezaliwa mnadani. Nikavua koti. Ila ulikuwa mnada wa kichwa chini, mnunuzi anataka bei ipande na muuzaji anataka ishuke, na kila nilipotaka kutumia ujanja wangu niliukuta unafanya kazi upande wake. Vijana wakaanza kusogea na mihogo mikononi.

"Laki tatu," nikasema, "na hiyo ni kwa sababu ya bibi yako."

"Bibi yangu angekupiga kwa bakora. Elfu mbili."

"Mzee, kaza," kijana mrefu akasema.

"Mama, usiachie," akadakia mwenye mafuta ya nywele.

"Laki moja. Mwisho wangu."

"Mwisho wako peleka ukalale nao." Akageuka, akaanza kuondoka. Kuondoka! Ule ni mtego wangu mimi, nimeutumia Bagamoyo nzima, na nikajikuta namfuata kama mteja mgeni.

"Njoo, njoo. Elfu hamsini."

"Elfu tatu, na namfundisha hata kufunga hesabu za mwaka."

"Usiniongezee elimu, mimi nitaongeza bei. Elfu thelathini."

"Elfu nne."

"Elfu ishirini, bibie, nina heshima yangu kule kwetu. Nina nyumba ya ghorofa."

"Heshima yako nimeiona leo ulipotaja gari la uduvi. Hiyo nyumba sijaiona. Elfu tano."

Kwenye mnada ukikosa jibu umekwisha, kila mtu anajua. Nikashuka mpaka elfu kumi, kwa sauti ndogo, na yeye akasimama kwenye elfu tano, na hakuna aliyetikisika. Chai yangu ikapoa.

Binti yangu ndiye aliyeingia kati, kama dalali. Akatushika mikono wote wawili. "Baba, mama," akasema, "kateni katikati."

Mama wa maboksi akanitazama. "Nikipokea, hutatuma kamba tena?"

"Kamba nitatuma. Hao ni wa kula."

"Na utakuja mwezi ujao? Kijana wa soksi anataka kujua biashara ya samaki na sina wa kumpa."

"Hiyo ni bei nyingine," nikasema. "Kwanza tumalize hii."

Akatoa viganja viwili, akaviunganisha, kama wanavyopokea kwetu. Nikatafuta kwenye bahasha, mle mna noti kubwa tupu. Nikajipekua kanzu, kijana mrefu akanivunjia noti moja, mwenye mafuta ya nywele akatoa sarafu, na hesabu ikatimia. Nikamwekea viganjani.

"Nimepokea," akasema mbele yao wote. "Na nimemridhia. Mkono wake uwe mwepesi."

Wakaitikia amina, hata wasiokuwa Waislamu. Binti yangu akawa analia, na mimi sikumuuliza analilia nini, maana sikuwa na uhakika kwamba nitaelewa jibu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ananisubiri barazani.

"Amepokea?"

"Amepokea. Katoa na radhi."

"Alhamdulillahi." Akakaa sawa. "Amekukamua kiasi gani?"

Nilimwambia nimechoka na barabara, tuongee baadaye. Sikujua nimtajie vipi. Mimi, ninayejulikana kuanzia sokoni mpaka Vigwaza kwamba sishindwi bei, nilikuwa nimekwenda na milioni kumtafutia mwanangu baraka, nikashindana na muuza maboksi mbele ya watoto wa watu, nikashindwa, na sijui mpaka leo kwa nini nililala usingizi mzuri. Lakini mke wangu hakuacha, na asubuhi juu ya chai nikamwambia kweli: shilingi elfu saba na mia tano.